Kamati ya Taifa ya Mahali pa Kuweka Piano

Nchi ninayoisimulia ina jina zuri sana, lakini kibali cha kulitaja niliomba miaka miwili iliyopita na bado kinashughulikiwa, kwa hiyo msomaji aniwie radhi. Ni nchi ya amani. Ina mito, ina milima, ina Mlezi wa Taifa mmoja tu, na ina sheria chache ambazo kila mtu anazifuata kwa hiari yake, hasa askari wanapokuwa karibu.

Sheria tunayoipenda kuliko zote ni Sheria ya Mgongo. Tangu zamani tulifundishwa kwamba si adabu kumpa mkubwa mgongo. Ukiagana na mzee unarudi kinyumenyume hatua mbili tatu, ndipo unageuka. Serikali iliona desturi hii ni nzuri mno kuachiwa wazee peke yao. Ikaifanya sheria, ikaongeza hatua kutoka tatu hadi mlangoni, na ikaeleza kwamba Mlezi maana yake ni Mlezi mwenyewe pamoja na picha yake popote ilipotundikwa. Na picha imetundikwa kila mahali. Tangu hapo tunatoka benki, posta na buchani kinyumenyume. Wodi ya visogo katika hospitali yetu kuu ina vitanda arobaini, na waziri ameizindua mara tatu. Kinyozi wa mtaani kwetu alifungiwa wiki nzima kwa sababu wateja wake walitazama kioo huku picha iko nyuma yao, mpaka ikatoka tafsiri rasmi kwamba anayeiona picha ndani ya kioo anahesabiwa ameielekea kwa nia. Kinyozi akafungua tena duka. Tulishukuru, maana nywele zilikuwa zimeshafika mabegani.

Mimi naitwa Sostenesi, mwalimu wa muziki na fundi wa piano. Siasa siijui. Nilikuwa na piano moja, si ile kubwa ya kulala, bali ile ya kusimama, ya kuegeshwa ukutani, ambayo mpigaji hukaa akiutazama ukuta na wasikilizaji wakabaki nyuma yake. Masista wa misheni walinipa walipokuwa wakiondoka, kwa kuwa nilikuwa nimeitunza miaka kumi na tisa. Niliiweka katika ghala kuukuu la pamba karibu na reli, nikawakusanya watoto wa mtaa. Walifika kumi na wawili. Aliyewapita wote ni Tekla, binti wa mama muuza mkaa, na mwezi wa Novemba alitakiwa kufanya mtihani wa kuingia Chuo cha Muziki. Hakuna mtoto wa mtaa wetu aliyewahi kuitwa kwenye mtihani huo. Nao pale chuoni wana tabia moja: wanataka mtahiniwa apige piano, hawataki aeleze jinsi anavyoifahamu.

* * *

Kabla ya Tekla nilikuwa na Eufrasia. Alinijia ana miaka saba, nikamfundisha kwa miaka kumi na mmoja. Mama yake alipofariki alikula kwetu, akalala kwetu, na marehemu mke wangu ndiye aliyemsuka nywele siku alipokwenda sekondari. Leo ni Mkurugenzi wa Idara ya Uelekeo, Ikulu, idara inayohakikisha kwamba nchi nzima imeelekea panapotakiwa.

Jumatatu moja ya Septemba gari lake jeusi lilisimama mbele ya ghala. Akashuka, akapiga goti kidogo na suti yake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo?"

"Kazi, Mwalimu. Ijumaa ni Jubilei ya Mlezi, na Mfalme wa nchi rafiki anakuja. Tumearifiwa kwamba chakula hakimshuki bila piano. Tumezunguka nchi nzima. Iliyopo ni hii yako tu."

"Ikulu si mlikuwa nayo?"

"Ile iligeuzwa kabati la vinywaji. Fundi alitoa nyuzi apate nafasi ya chupa."

Nikamwambia habari za Tekla na mtihani, na kwamba siku moja bila mazoezi kwa mtoto yule ni pengo. Eufrasia akaweka kiganja juu ya mfuniko, palepale alipokuwa akikiweka utotoni akisubiri zamu yake.

"Wiki moja tu, Mwalimu. Jumatatu ijayo asubuhi itakuwa hapahapa. Hii si ahadi ya serikali. Ni mimi ninayesema."

Ingekuwa ni serikali ningeomba barua. Kwa kuwa alikuwa ni yeye, nikaona haya hata kuomba. Wanajeshi kumi wakaibeba, na kwa kuwa ghalani mlikuwa na picha, wakatoka nayo kinyumenyume na kumwangusha mmoja wao mtaroni. Watoto wakapunga mikono. Tekla peke yake hakupunga; alisimama akihesabu siku kwa vidole.

* * *

Ukumbi wa Jubilei ni chumba kirefu chenye picha tatu za Mlezi, moja kila ukuta usio na dirisha, ili asiachwe na upande wowote. Niliulizwa piano iwekwe wapi, nikajibu kama fundi yeyote angejibu: ukuta wa ndani, ule wa upande wa jikoni, mbali na dirisha la magharibi, maana jua la alasiri hupasua ubao wa sauti ulio nyuma yake, isiwe chini ya kiyoyozi, na baina yake na ukuta paachwe nafasi ya kiganja, ipumue. Niliona ni jambo la dakika tano. Nikaanza hata kukunja mikono ya shati.

Mwenyekiti wa maandalizi alikuwa Kanali mstaafu Mbwiliza, mtu aliyepigana vita vyote ambavyo nchi yetu haikushiriki. Alikohoa kidogo.

"Swali dogo, Mwalimu. Ukiegesha ukutani, wewe mpigaji utaangalia ukuta. Je, utampa nani mgongo?"

Mhudumu aliyebeba sinia la vikombe akaliweka chini taratibu, akaondoka kinyumenyume.

Saa ileile ikaundwa Kamati ya Taifa ya Mahali pa Kuweka Piano, yenye wajumbe ishirini na watatu na daktari mmoja. Mjumbe wa kwanza akapendekeza piano igeuzwe ili mpigaji amtazame Mlezi kwa juu yake. Ikageuzwa. Wakili Mkuu akainua kidole: sasa piano yenyewe ndiyo inayompa Mlezi mgongo, tena mgongo wa mbao tupu usio na hata rangi. Ukawa mjadala mrefu kuhusu kama piano ni raia. Ilionekana iliingia nchini kwa meli zamani, ila kwa kuwa imekaa miaka zaidi ya mitano bila kuondoka, imekwishajipatia wajibu wote wa raia, ingawa haki bado. Ikageuzwa tena. Mjumbe wa pili akataka ikae ubavu. Kanali akauliza tangu lini mtu akampa mkubwa bega, kama wanagombania mlango. Ikageuzwa. Mhandisi akashauri iwekwe juu ya magurudumu, na vijana sita waizungushe kila Mlezi anaposogeza kiti. Walipojaribu, Mhandisi ambaye alikaa mahali pa mpigaji alitapika. Kila ilipogeuzwa, mimi nilisikia nyuzi zikilia ndani, na kila nilipofungua mdomo niliombwa nisubiri kipengele cha mengineyo.

Siku ya pili, Alhamisi, ndipo Eufrasia aliposimama. Nikashusha pumzi. Nikajiambia, sasa amesimama mtu anayejua piano.

"Waheshimiwa," alisema, "tatizo si piano. Tatizo ni mpigaji. Mpigaji akae akimtazama Mlezi, piano ibaki nyuma yake, naye apige kwa kurudisha mikono nyuma."

Mtu mmoja aliuliza kama jambo hilo linawezekana. Eufrasia hakunitazama.

"Linawezekana. Mwalimu mwenyewe alinifundisha hivyo nikiwa mdogo."

Makofi yalipigwa mpaka vumbi likatoka kwenye mapazia. Msomaji, mimi sijawahi kumfundisha mtu yeyote hivyo. Ukikaa hivyo mkono wa kulia unaangukia sauti nene na wa kushoto unaangukia nyembamba, na vidole vinakuwa havijui vilipo. Roho iliniuma. Lakini nilikumbuka Jumatatu, nikakumbuka Tekla, nikainamisha kichwa nikaonekana nimekubali. Mahali pakachaguliwa mbele ya dirisha la magharibi, kwa sababu ndipo pekee pasipo na picha, na wakaisogeza mbele kidogo ili nyuma yake apate kusimama mlinzi. Jua likaipiga toka saa nane hadi saa kumi na mbili.

Tulipokuwa tukitoka, Eufrasia alinifuata kwenye korido.

"Usinikasirikie, Mwalimu. Bila vile wangeikata miguu. Nami nitakulinda. Kesho nitasimama karibu na nguzo. Mlezi akisogea tu, nitakohoa, wewe ugeuke upande alipo."

"Kila akisogea?"

"Kila akisogea. Wallahi nakuapia, na mimi ni Mkristo."

Tukacheka wote wawili. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini siku ile nilijua nguo zangu zote.

* * *

Ijumaa nilikaa kwenye kigoda, mgongo kwa piano, uso kwa Mlezi, mikono nyuma kama mtu aliyekamatwa. Nikapiga wimbo wa taifa. Sitasema ulikuwaje. Mfalme alimwuliza jirani yake kama huo ni muziki wa huzuni wa kienyeji, na jirani, ambaye ni Waziri wa Utamaduni, akajibu kwamba ndiyo, ni wa mazishi ya machifu. Gazeti la serikali liliandika kesho yake kwamba mpigaji alionyesha unyenyekevu usio na kifani.

Baada ya supu Mlezi akasikia joto. Akainuka. Toka kwenye nguzo nikasikia kikohozi, kidogo na kikavu, nikajua ni yeye. Mlezi akapita pembeni yangu, akaenda dirishani kutazama ng'ombe mia aliozawadiwa, waliokuwa wakila maua bustanini. Sasa alikuwa nyuma ya piano, mgongo wangu ukiwa kwake. Nikazunguka upesi juu ya kigoda.

Na hapo, kwa mara ya kwanza toka Jumatatu, nikajikuta nimemwelekea Mlezi na nimeielekea piano, vyote kwa pamoja. Vibonyezo vilikuwa mbele yangu. Vilikuwa na joto la jua. Mfalme alikuwa akisubiri, nami nikaanza kupiga wimbo mdogo niliowatungia wanafunzi wangu, ambao kila mtoto aliyepita ghalani anaujua. Nilipiga kama piano inavyopigwa. Nilisikia uma ukiwekwa kwenye sahani, kisha mwingine. Mtu mmoja wa jikoni alichungulia mlangoni na mwiko wake. Hata mlinzi aliyesimama nyuma ya piano alilegeza mabega. Sikujali kitu, kwa sababu jambo la kujali nilikuwa nimelikabidhi kwa mtu. Masikio yangu mawili, moja lilikuwa kwenye wimbo na la pili lilikuwa kwenye nguzo.

Kikohozi hakikuja.

Nilipomaliza na kuinua kichwa, dirishani hapakuwa na mtu. Nikageuka. Mlezi alikuwa amekaa kitini pake, ameshamaliza nusu ya samaki. Eufrasia alikuwa palepale kwenye nguzo, mikono ameishika mbele, anatazama zulia. Kanali Mbwiliza alikuwa na saa mkononi. Ilikuwa dakika tatu na sekunde kumi za mgongo mtupu, mbele ya mgeni wa kifalme.

Mfalme alipiga makofi akiwa amesimama. Hilo lilizidisha kosa, maana ilionekana mgongo wangu umeshangiliwa.

* * *

Jopo la uchunguzi lilikaa Jumapili baada ya ibada, kwa kuwa serikali yetu haichezi na muda. Sikupigwa. Nilipewa hata soda. Kisha shahidi pekee akaitwa, naye akasoma kwenye karatasi, sauti imenyooka.

"Mshtakiwa namfahamu tangu nikiwa na miaka saba. Katika miaka yote hiyo alitukalisha tukielekea ukutani, watu wote wakiwa nyuma yetu. Siku yangu ya kwanza nilijaribu kugeuka. Alinishika kichwa kwa mkono wake akanigeuza nitazame ukuta."

Akakunja karatasi. Na msomaji, jambo baya ni kwamba yote yalikuwa kweli. Nilimgeuza kichwa. Mama yake alikuwa amemwacha mlangoni akaenda zake hospitalini kwa matibabu yake, na mtoto alikuwa akigeuka kila mara kutazama kama amerudi, machozi yanamtoka. Nilimgeuza nikamwambia, tazama hapa, mwanangu, hapa hakuna anayeondoka. Nilimngoja Eufrasia aliseme na hilo. Hakulisema. Uongo ningeustahimili, watu wazima tunausikia kila siku redioni. Alichukua kweli yangu akanipigia nayo, na mpaka leo sijui niiweke wapi.

"Una la kusema?" aliuliza Kanali.

"Alisema atakohoa," nikajibu.

Likaandikwa kwamba mshtakiwa ana matatizo ya kifua.

Hukumu ilikuwa ya huruma. Mimi nilisamehewa kwa ajili ya uzee, kwa sharti nishukuru kwa maandishi. Piano ilipatikana na hatia ya kumsahaulisha raia mahali alipo, na ikaamriwa ibaki mikononi mwa serikali hadi Kamati itakapopata mahali pasipo na madhara pa kuiweka.

* * *

Jumatatu asubuhi watoto kumi na wawili walikuwa wamefagia ghala na kupiga deki sakafu. Mchana wakaenda nyumbani. Jumanne walikuja tisa.

Nilikwenda Idara ya Uelekeo mara kumi na nne. Kila mara karani, binti mwenye adabu sana, aliniambia, "Kamati bado inakaa, mzee." Mara ya kumi na nne nilimwuliza inakaa wapi, akaniambia hilo nalo linajadiliwa. Tekla alichonga alama za vibonyezo kwenye ukingo wa meza kwa msumari, akawa anapiga vidole juu yake huku akiimba kwa mdomo. Alipokosea alikuwa akinitazama, kujua kama nimesikia. Wiki mbili kabla ya mtihani alikuja dereva wa gari jeusi.

"Mkurugenzi anakuita nyumbani kwake. Uje na vyombo vyako vya kazi."

Nilijua kabla sijaingia, maana mtoto alikuwa akiigonga gonga na sauti ilifika getini. Piano ilikuwa sebuleni, dirishani tena, juani. Binti wa Eufrasia, wa miaka sita hivi, alikuwa juu ya kigoda changu.

"Kamati iliona kwa muda ikae kwa mtu mwaminifu," Eufrasia alisema. Hakuniamkia kwanza. Baadaye akakumbuka. "Shikamoo, Mwalimu. Inatoa sauti mbaya. Tuiweke wapi?"

Nikainama nyuma ya piano. Ubao wa sauti ulikuwa na ufa wa urefu wa mkono, lakini wa kuzibika. Nikamwonyesha ukuta wa ndani. Pale palikuwa pamekaliwa na picha ya Mlezi, ile kubwa wanayopewa wakurugenzi, inayoanzia kiunoni mpaka darini. Nikasema basi, haitawezekana.

Eufrasia akavua viatu, akapanda kiti, akaishusha mwenyewe. Akaiegesha nyuma ya kochi, uso umeelekea ukuta, akapangusa mikono.

"Hapa ni nyumbani, Mwalimu," alisema. "Nani anaangalia?"

Nilikaa chini kwenye zulia. Nilikuwa nimemtetea moyoni mwangu wiki zote zile. Nilijiambia anaogopa, nilijiambia anaamini. Kumbe hakuwahi kuamini hata siku moja.

"Kwa nini hukukohoa?"

Alimwambia mtoto aende akanywe maji. "Nilikohoa mara ya kwanza, Kanali akanitazama. Mwalimu, mimi nina mtoto."

"Mimi nina kumi na wawili. Mruhusu Tekla aje hapa apige hata saa moja kwa siku. Mtihani ni wiki mbili tu."

"Akija atasema ameiona wapi. Na wakijua, itaondolewa hapa ipelekwe stoo ya Kanali, na paa la kule linavuja. Unataka ikafie huko?" Akashusha sauti, ile sauti yake ya zamani. "Uje kila mwezi kuikaza nyuzi, mfundishe na mwanangu. Watoto wa ghalani usiwaambie. Ni mimi ninayekuomba."

Nikaziba ufa. Nikakaza nyuzi zote, moja moja, hadi alasiri. Tukaisukuma ukutani, nikapima nafasi ya kiganja. Mtoto akakaa akapiga wimbo wangu, ule mdogo, ambao mama yake alikuwa amemfundisha, na ulitoka safi. Soda niliyoletewa niliinywa yote.

Nilipofika ghalani, Tekla alikuwa mezani kwake peke yake. Alisimama mara aliponiona na begi la vyombo.

"Mwalimu, umeitwa kwa ajili ya piano? Umeiona?"

Nililiweka begi chini, nikatafuta mahali pa kutazama.

"Kamati bado inakaa, mwanangu," nikamwambia.

Akaniamini.